Ngao Ukutani: Namna ya Kusoma Nembo za Makabaila katika Kanisa la Kijijini Uingereza

Kama wewe ni mpenzi wa kandanda, somo hili umeshalianza bila kujua. Simba watatu walio kifuani mwa jezi ya timu ya taifa ya England hawakubuniwa na chama cha mpira; ni nembo ya wafalme wa nchi ile tangu mwishoni mwa karne ya 12. Simba wa Chelsea naye, yule anayegeuza shingo kutazama nyuma, alitoka kwenye nembo ya ukoo wa Cadogan, makabaila ambao mmoja wao alikuwa rais wa klabu. Simba unamjua siku nyingi, ila hukuwahi kutambulishwa kwa mwenyewe.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unaishi Uingereza, au unakwenda kusoma, kufanya kazi au kumtembelea ndugu, kisha siku moja ukajikuta ndani ya kanisa la kale la kijijini. Kuta zimejaa ngao, ndege, mafundo ya kamba na mbao nyeusi, na hakuna wa kumuuliza. Kwa saa mbili na tochi ndogo unaweza kutoka humo ukijua nani alimwoa nani, nani alitangulia kufa, na nani alilipia mnara.

Kwa nini ziko kanisani?

Mgeni wangu mmoja kutoka Tanga alisimama katikati ya kanisa la namna hiyo, akazungusha macho, akauliza: "Hii ni nyumba ya Mungu au ofisi ya ukoo?" Kwa karne nyingi ilikuwa yote mawili. Kabaila mwenye ardhi ya kijiji mara nyingi ndiye aliyekuwa na haki ya kumpendekeza padri. Alijenga kikanisa cha pembeni ili aombewe humo, akazikwa na mkewe, na mwanawe akalazwa kando yao. Nembo iliwekwa ili hata mkulima asiyejua kusoma aelewe eneo lile ni la nani.

Na haikuwa pambo tu. Mwaka 1385 Richard Scrope na Robert Grosvenor walikutana katika jeshi la mfalme, kila mmoja amebeba ngao ya buluu yenye mkanda wa dhahabu uliokatiza mshazari. Kesi yao haikumalizika mpaka 1390. Mashahidi waliitwa kwa wingi, akiwemo mshairi Geoffrey Chaucer, na sehemu ya ushahidi wa Scrope ilikuwa ngao zilizokuwa kwenye madirisha na makaburi ya makanisa. Grosvenor alishindwa. Aliuacha mkanda akachukua mganda wa ngano, na ukoo wake unautumia mpaka leo.

Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya mengine yote: nembo kanisani ni dai. Aliyeiweka alitaka kitu kiaminiwe, kwamba ardhi ni yake, kwamba mkewe ametoka nyumba kubwa, au kwamba fedha za jana ni ukoo wa tangu zamani. Mbele ya kila ngao jiulize: nani aliiweka, na alitaka nani aione?

Kabla ya kutoka nyumbani

Beba tochi, darubini ndogo, daftari, penseli ya kawaida na penseli za rangi tano: nyekundu, buluu, kijani, nyeusi na njano. Simu itapiga picha, lakini mkono unaochora hulazimisha jicho kuona. Mimi nimerudi nyumbani mara nyingi na picha nzuri za ngao ambazo sikuzitazama hata kidogo.

Makanisa mengi ya vijijini hufunguliwa mchana bila kiingilio. Ukikuta limefungwa, soma tangazo la ukumbi wa mlangoni. Huenda limeandikwa ufunguo uko kwa nani.

> ADABU ZA MAHALI
> • Si lazima uvue viatu. Mwanamume huvua kofia.
> • Ukikuta ibada, harusi au mazishi, ngoja nje mpaka iishe.
> • Usikanyage mabamba ya shaba yaliyo sakafuni. Kunakili bamba kwa kulifunika karatasi na kulisugua kunataka ruhusa, na mara nyingi ada.
> • Usiguse rangi ya kale wala vioo vya madirisha, hata kwa ncha ya kidole.
> • Kuna sanduku la sadaka. Jengo la miaka 500 linakula pesa, tia chochote.

Kulia ni kushoto

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea. Mchana mmoja mzima nilimpa marehemu fulani mke asiye wake kwa sababu ya kosa hili moja.

Pande za ngao huhesabiwa kwa mkono wa anayeibeba, si wako unayeitazama. Mwazie askari amesimama nyuma ya ngao, uso kwa uso nawe. Mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto, na upande huo ndio wenye heshima: huwekwa mume na huwekwa nembo kuu. Katika mwongozo huu, ili tusichanganyane, nitasema "kushoto kwako" na "kulia kwako". Ukienda kwenye vitabu, kumbuka kugeuza.

Vipande vya nembo

Itazame nembo ya taifa ya Kenya. Katikati pana ngao yenye jogoo aliyeshika shoka. Simba wawili wanaishikilia huku na huku. Hao ni wabeba ngao. Chini pana utepe ulioandikwa "Harambee", yaani kaulimbiu, kama jina kwenye pindo la kanga. Nembo ya Tanzania nayo ina ngao, bibi na bwana walioishikilia, na utepe wa "Uhuru na Umoja". Nembo ya kabaila wa Kiingereza huongeza vitu viwili juu ya ngao: kofia ya chuma, na juu ya kofia hiyo kishungi, ambacho kinaweza kuwa mnyama, mkono ulioshika upanga, au kichwa cha ndege.

Kisha kuna beji, na hii isichanganywe na nembo. Nembo ni ya bwana mwenyewe. Beji ni chapa aliyoitoa ivaliwe na watumishi, askari na wafuasi wake. Nembo hukaa ndani ya ngao. Beji husimama peke yake kwenye kichwa cha nguzo, kwenye dari au kwenye ncha ya benchi. Ukiona kitu kimoja kisicho na ngao kinarudiwa mara 20 kwenye paa lote, hiyo ni beji, na yaelekea aliyelipia paa ndiye mwenyewe.

> BEJI ZA KUANZIA
> Waridi jekundu lenye waridi jeupe ndani yake: wafalme wa Tudor, baada ya Henry VII kumwoa Elizabeth wa York mwaka 1486.
> Jua lenye miale: Edward IV.
> Nguruwe dume mweupe: Richard III.
> Kulungu dume mweupe: Richard II.
> Komamanga: Catherine wa Aragon, mke wa kwanza wa Henry VIII.
> Geti la ngome la vyuma vilivyokingamana, lenye minyororo: ukoo wa Beaufort, kisha wafalme wa Tudor.
> Dubu na gogo lenye vinundu: mabwana wa Warwick.
> Fundo la kamba lenye vitanzi vitatu: ukoo wa Stafford.
> Hilali: ukoo wa Percy wa kaskazini. Hapa hilali haina uhusiano na Uislamu.

Kwamba beji isiposomwa vizuri huua, hilo si maneno ya kutia chumvi. Tarehe 14 Aprili 1471, huko Barnet, kaskazini ya London, jeshi la Edward IV na la bwana wa Warwick yalipigana ndani ya ukungu mzito. Watu wa John de Vere, bwana wa Oxford, walivaa nyota yenye miale. Waliporudi uwanjani baada ya kuwafukuza maadui, wenzao wa upande wa Warwick waliiona nyota ile ukunguni wakadhani ni jua la Edward IV, wakawamiminia mishale. Ukapigwa ukelele wa usaliti, jeshi likavunjika, Warwick akauawa. Ukiwa mbele ya nyota iliyolika kwa mvua ya karne tano, usione haya kuitazama mara ya pili.

Hatua za kusoma ngao moja

1. Amua kwanza kama ni ya ukoo. Funguo mbili zilizopishana ni za Mtakatifu Petro. Panga zilizopishana ni za Mtakatifu Paulo. Ngao yenye misumari, nyundo, ngazi au taji la miiba inaeleza mateso ya Yesu. Herufi zilizofungamana na msalaba mdogo, kama chapa ya gunia, mara nyingi ni alama ya mfanyabiashara. Hizo hazina kabaila.

2. Andika rangi ya uwanja. Uwanja ni sehemu ya nyuma, na hutajwa kabla ya kilichowekwa juu yake. Rangi za kawaida ni nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na, kwa nadra, zambarau. Pamoja nazo kuna madini mawili: dhahabu, inayochorwa pia kwa njano, na fedha, inayochorwa pia kwa nyeupe. Kanuni yao kuu ni kwamba rangi haikai juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Ni kanuni ya vita: nyekundu juu ya buluu haionekani kwa mbali, njano juu ya buluu huonekana. Ukiona nyeusi juu ya buluu, shuku macho yako, au shuku fundi aliyepaka rangi upya.

3. Andika umbo kubwa. Je, kuna mkanda wa wima, wa mlalo, wa mshazari? Msalaba? Umbo la paa la nyumba? Au sehemu ya juu imetengwa kwa rangi nyingine?

4. Andika vitu, idadi yake na mkao wake. Simba anayetembea ameinua mguu mmoja si sawa na simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Simba watatu si wawili. Mkao na idadi ndiyo saini yenyewe.

5. Tafuta kitu kidogo kisicho na kazi. Watoto wa kiume walitofautishwa kwa alama ndogo: utepe mwembamba wenye vining'inio kwa mwana wa kwanza baba akiwa hai, hilali kwa wa pili, nyota kwa wa tatu, ndege asiye na miguu kwa wa nne, pete kwa wa tano, ua la yungiyungi kwa wa sita, waridi kwa wa saba. Familia nyingi za Kiingereza ziliipuuza desturi hii, basi ichukue kama fununu tu. Mkono mwekundu uliofunguka ni jambo jingine: ni alama ya cheo cha baroneti, kilichoanzishwa mwaka 1611.

6. Tazama juu ya ngao. Taji dogo linakwambia daraja la kabaila. Majani pekee, matano yakionekana, ni dyuki. Majani matatu na mipira miwili katikati yake ni makwesi. Mipira mitano juu ya miiba mirefu, na majani chini katikati yake, ni eli. Mipira mingi iliyopangwa karibukaribu ni vaikaunti. Mipira minne bila majani ni baroni, na mabaroni hawakuwa na taji la namna hiyo kabla ya 1661.

7. Jina liwe la mwisho. Ukianza na jina, macho yataona unachokitaka.

Jiwe lisilo na rangi pia linaweza kusema. Mwaka 1638 padri Mjesuti, Silvester Petra Sancta, alichapisha mfumo wa kuonyesha rangi kwa mistari, ukaenea Ulaya yote. Vitone ni dhahabu. Pasipo na kitu ni fedha. Mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, na iliyokatizana kama chandarua ni nyeusi. Mistari ya mshazari inayoshuka kutoka juu kushoto kwako ni kijani. Kwenye makaburi ya sakafuni ya karne ya 17 na 18 ni msaada mkubwa. Kwenye jiwe la kabla ya hapo mistari hiyo haina maana hiyo; usiilazimishe.

Ngao iliyogawanyika: hapo ndipo penye hadithi

Ngao iliyopasuliwa wima katikati ni ndoa. Mume yuko kushoto kwako, mke kulia kwako, naye ameleta nembo ya baba yake, si ya kwake mwenyewe. Ukikuta badala ya hayo ngao ndogo imepachikwa katikati ya ngao ya mume, mke huyo hakuwa na kaka: ni mrithi. Watoto wake wana haki ya kuichukua nembo ya babu mzaa mama, na ndiyo maana utaona ngao za robo nne, robo sita, wakati mwingine zaidi ya 20. Zisome kama ukurasa, kutoka juu kushoto kwako kwenda kulia, kisha mstari wa chini. Ya kwanza ni ya upande wa baba. Kila inayofuata ni bibi aliyeleta mali.

Sipendi kuificha: ngao za robo nyingi ni majigambo. Lakini ni majigambo yanayowataja wanawake ambao nyaraka nyingi za wakati ule ziliwasahau.

Askofu naye hupasua ngao. Kushoto kwako ni nembo ya dayosisi, kulia kwako ni ya kwake, kana kwamba ameioa dayosisi na yeye ndiye bibi harusi.

Mwanamke asiyeolewa, au mjane, hakuchorewa ngao wala kofia ya chuma. Nembo yake iliwekwa ndani ya umbo la uru, lile jekundu la kwenye karata.

Mbao za maombolezo

Hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ni mbao kubwa za mraba zilizosimamishwa kwa pembe, nazo zikawa kama uru, zenye fremu nyeusi. Mkubwa alipofariki, ubao ulitundikwa mbele ya nyumba yake kwa miezi 6 hadi 12, halafu ukapelekwa kanisani. Desturi ilianza karne ya 17 na ikafifia karne ya 19. Usiusome kwa haraka. Rangi ya nyuma ya ngao ndiyo taarifa ya msiba:

• Nyuma ya upande wa mume nyeusi, nyuma ya upande wa mke nyeupe: mume amekufa, mke yu hai.
• Upande wa mume mweupe, wa mke mweusi: mke ndiye aliyetangulia.
• Nyuma yote nyeusi, ngao imepasuliwa wima: aliyekufa alikuwa mgane au mjane. Ngao yenye kofia ni mgane. Umbo la uru ni mjane.
• Nyuma yote nyeusi, nembo moja isiyogawanywa: yaelekea hakuoa au hakuolewa.

> ANGALIZO
> Neno "Resurgam" linaloonekana kwenye mbao nyingi ni Kilatini cha "nitafufuka". Si kaulimbiu ya ukoo. Usilitumie kutafutia jina.

Nembo ya mfalme: saa iliyotundikwa ukutani

Baada ya Henry VIII kuachana na Roma mwaka 1534 na kujifanya mkuu wa kanisa, nembo ya mfalme ikaanza kuonekana makanisani, na baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1660 ikaenea zaidi. Ilibadilika kila nasaba au mipaka ilipobadilika, kwa hiyo unaweza kuitumia kukisia umri hata pasipo tarehe. Fuata mpangilio huu:

1. Yungiyungi za Ufaransa na simba watatu tu, bila kinubi: kabla ya 1603. Mbeba ngao mmoja akiwa joka, ni wakati wa Tudor.
2. Simba mwekundu wa Uskoti na kinubi cha Ireland vimeingia, na simba na farasi wa pembe moja ndio wabeba ngao: 1603 na kuendelea.
3. Simba wa England na simba wa Uskoti wamebanwa ndani ya robo moja, robo ya mwisho ni kama ya kwanza: 1707 hadi 1714, enzi ya Malkia Anne.
4. Robo ya mwisho ina farasi mweupe anayekimbia: 1714 hadi 1801, wafalme waliotoka Hanover, Ujerumani.
5. Yungiyungi zimetoweka, na Hanover imehamia ngao ndogo ya katikati: 1801 hadi 1837. Juu ya ngao hiyo ndogo pakiwa na kofia ni kabla ya 1816. Pakiwa na taji ni baadaye.
6. Hakuna Hanover kabisa: Victoria na waliomfuata. Sheria ya Hanover haikumpa mwanamke kiti maadamu mwanamume yupo, kwa hiyo baba yake mdogo alikichukua.

Wafalme wa England waliendelea kuweka yungiyungi za Ufaransa kwenye ngao yao tangu 1340 mpaka 1801, ingawa kwa sehemu kubwa ya muda huo Ufaransa haikuwa yao. Nilisema nembo ni dai.

Lakini usiziamini herufi za mfalme zilizoandikwa pembeni. Parokia zenye uchumi mdogo zilimwita mchoraji abadilishe herufi tu na kuacha ngao ya mtangulizi. Ngao na herufi zikipingana, amini ngao.

Zoezi: Lavenham, Suffolk

Kama unaweza kwenda kanisa moja tu, nenda la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo huko Lavenham, mji uliotajirika kwa vitambaa vya sufu. Usiingie ndani kwanza. Simama nje uutazame mnara, mrefu kama mita 43.

Chini, kwenye kitako cha mnara, utaona nyota. Ni ya de Vere, mabwana wa Oxford, ileile ya Barnet. John de Vere aliponusurika vita ile alirudi na ushindi katika vita ya Bosworth mwaka 1485, na kanisa likajengwa upya katika miaka iliyofuata. Ukumbi wa mlangoni una nguruwe dume, na huo ni mchezo wa maneno: Kilatini cha nguruwe dume ni "verres", nao ni de Vere. Waingereza wa zamani waliipenda michezo hii. Ukiona pipa limechomwa mshale katika kanisa la St Bartholomew the Great jijini London, ujue ni mkuu wa watawa aliyeitwa Bolton: mshale ni "bolt", pipa ni "tun".

Sasa rudi kwenye kitako. Funguo na panga ni za watakatifu wa kanisa. Hatua ya kwanza imekufundisha. Pamoja nazo kuna alama ya biashara ya Thomas Spring, tajiri wa vitambaa aliyefariki mwaka 1523. Hana ngao, ana chapa tu, kama ya kwenye robota. Inua darubini mpaka ukingo wa juu kabisa wa mnara. Kule juu ukoo uleule wa Spring una nembo kamili, imerudiwa pande zote. Kati ya kitako na kilele, mfanyabiashara amekuwa ukoo wa nembo.

Rudi kwenye maswali yetu mawili. Nyota ya kabaila iko usawa wa macho, haina haja ya kupiga kelele. Nembo mpya ndiyo iliyopandishwa juu ya mnara na kurudiwarudiwa.

Ukipata siku ya pili, nenda Great Brington, Northamptonshire. Humo kuna makaburi ya ukoo wa Spencer, alikotoka Princess Diana. Tafuta makombe matatu ya baharini kwenye mkanda mweusi wa mshazari. Kombe hilo liliingizwa kwenye nembo walizopewa wanawe wawili. Sakafuni karibu na altare kuna jiwe la Lawrence Washington, aliyefariki mwaka 1616, wa ukoo uliomzaa George Washington. Nembo yake ni nyota tatu juu ya mikanda miwili ya mlalo. Wapo wanaosema bendera ya Marekani ilitoka hapo. Hilo halina uthibitisho. Ilitoka hapo bendera ya jiji la Washington, iliyokubaliwa mwaka 1938.

Makosa ya kawaida

*Kuamini kila rangi.* Nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi inaweza kugeuka nyeusi, buluu huonekana nyeusi gizani, na mafundi wa karne ya 19 walipaka upya walivyopenda.

*Kuamini kila dirisha.* Vioo vilivunjika, vikakusanywa, vikarudishwa ovyo, vingine ndani nje. Simba anayetazama kulia kwako, kinyume cha kawaida, huenda ni kioo kilichogeuzwa tu. Hata hivyo nembo ziliponea pale picha za watakatifu zilipoangamia: amri ya Bunge ya 1643 ya kuvunja sanamu iliziacha nembo na kumbukumbu za wafalme, makabaila na marehemu wengine wasiohesabiwa watakatifu.

*Kudhani jina la ukoo linatosha.* Nembo si ya kila mwenye jina lile. Ni ya mtu na uzao wake.

*Kuona mkanda ulioinama upande wa pili ukasema "mwana wa haramu".* Si kila mshazari ni aibu ya mtu.

*Kudhani miguu iliyopishana ya sanamu kaburini inaonyesha marehemu alikwenda vita vya msalaba.* Ni mtindo wa wachongaji tu.

Kutafuta jina

Anza na kijitabu cha historia ya kanisa kilicho mezani karibu na mlango. Kwa pesa kidogo hukuokolea siku nzima. Kisha tafuta juzuu ya wilaya husika katika mfululizo wa Nikolaus Pevsner kuhusu majengo ya England. Ukiwa na nembo bila jina, kitabu cha Papworth cha 1874 kimepanga nembo kwa maumbo yake. Ukiwa na jina na unataka nembo, tumia cha Burke. Mwenye mamlaka ya nembo England ni Chuo cha Nembo kilichopewa hati na Richard III mwaka 1484. Kiko Queen Victoria Street, London. Maofisa wake walizunguka wilaya kati ya 1530 na 1688 wakikagua nani ana haki ya nembo, na kumbukumbu za ziara hizo nyingi zimechapishwa. Kumwajiri ofisa akutafutie ni ghali. Maliza vitabu kwanza.

> ORODHA YA MWISHO KABLA YA KUTOKA
> ☐ Nimechora ramani ya kanisa na kutia namba kila ngao ilipo
> ☐ Nimeandika uwanja, umbo, vitu, idadi na mkao
> ☐ Nimebainisha rangi nilizoziona na nilizozikisia
> ☐ Nimetazama dari, ncha za mabenchi na chini ya mazulia (kwa ruhusa)
> ☐ Nimeandika nyuma ya kila ubao ni nyeusi au nyeupe, na upande gani
> ☐ Nimelinganisha ngao ya mfalme na herufi zake
> ☐ Nimezunguka nje na kuutazama mnara kutoka kitako hadi kilele

Na ukitoka, rudishia mlango mpaka ulie. Ndege wakiingia hawajui njia ya kutoka, na kinyesi chao huunguza shaba.